Nguzo Mbili za Nyumba ya Jomvu

Vijana, naambiwa siku hizi kazi ya kuhifadhi majumba ya kale yasomewa darasani, na mtu akihitimu apewa karatasi. Vyema sana. Mie sikupewa karatasi. Nilipewa tezo ya kuchongea miti, nikapewa na woga. Tezo iliisha makali zamani, woga ninao mpaka leo. Nikikaribishwa nyumbani kwa mtu, kabla sijaketi mkono wangu umeshagonga nguzo au mwimo wa mlango, nasikiliza. Marehemu mke wangu alikuwa akiona haya. Alikuwa akiwaambia wenyeji wasinijali, ndivyo nilivyo, wanipe chai nitatulia.

Nataka kuwaambia woga huo niliupata wapi. Wengine wenu mtacheka. Chekeni, lakini msikilize.

Kazi yetu ilikuwa kuhamisha nyumba. Si kubomoa, kubomoa hata mbuzi aweza, mwachie ukuta wa udongo msimu mmoja utaona. Sisi tulikuwa tukiifungua nyumba mti kwa mti, tukiipakia kwenye lori, tukienda kuisimamisha pengine vile vile ilivyokuwa. Ilikuwa wakati wa ile vita kubwa. Upande wa Changamwe ardhi ilitakiwa kwa mambo ya vita, na kwingine watu walikuwa wakiziacha nyumba za babu zao wakitaka za mabati. Hapo akatokea Mzungu mmoja mjane, mwenye shamba Utange, akasema nyumba hizi zikiisha hakuna mtoto atakayezijua. Akawa anakwenda kwa wenyewe kuziomba. Watu wakamwita Bibi Majumba, na wengi waliona akili zimemruka, mtu mzima anakusanya vibanda. Lakini shambani mwake kukawa na kiwanja, huku nyumba ya Kigiriama ya nyasi toka juu mpaka chini, kule ghala ya mahindi ya Kidigo, na watu wakaanza kuja kutazama. Nyinyi mngekiita makumbusho. Sisi tulikiita kiwanjani.

Mkubwa wetu wa kazi alikuwa Fundi Mbwarali, mwenyeji wa Jomvu Kuu. Mtu mfupi, mkavu, shavu moja limejaa tambuu saa zote. Kila asubuhi alikuja kazini na kanzu nyeupe, akaivua akabaki na kikoi, kanzu akaitundika kwenye msumari uleule wa banda letu la vyombo. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Mkikosea alinyamaza, na mlikuwa mwaomba Mungu heri angetukana.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba paa huezuliwa pande mbili sawasawa, la sivyo nyumba inalala ubavu kama punda. Kwamba kamba haikatwi, inafunguliwa, hata kama fundo lina umri mkubwa kuliko wewe. Kwamba kabla ya kutia mkono ndani ya makuti unayapiga fimbo kwanza, kwa sababu nge naye ni mwenyeji. Hilo la nge nililidharau mara moja tu. Nililia mbele ya watu wazima, na nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina mke na watoto wawili.

Alikuwa na alama zake. Kila mti kabla haujang'olewa aliukata pengo dogo kwa tezo, huko chini ambako hakuonekani. Pengo moja ni safu ya mbele, mawili ni ya kati, matatu ni ya nyuma, na upande wa pengo ndio ulioelekea kibla. Hakuandika kitu. Ungemwamsha usingizini ukampa nguzo, angeipapasa akakuambia ilisimama chumba gani.

Halafu kulikuwa na kule kugonga. Nguzo kubwa unaigonga kwa mgongo wa panga. Mti mzima hukujibu kwa sauti kali, yenye mlio. Mti ulioliwa na mchwa kwa ndani hukujibu sauti nzito, isiyokwenda mbali, na nje waweza kuwa mzuri kuliko wenzake. Mchwa ni fundi pia, haharibu sura.

Basi zamu ikafika ya nyumba ya Bi Mwanaisha, kulekule Jomvu. Bi Mwanaisha alikuwa mjane, mtu mzima sana, na Fundi Mbwarali alikuwa ndugu yake wa kunyonya, wamelelewa kwa ziwa moja. Nyumba ilijengwa na babu yake, aliyeikata miti yake mwenyewe na kuiburuta mpaka pale. Nguzo saba kubwa za mbambakofi, mti mgumu sana, zina panda juu za kubebea mwamba, ule mti mrefu unaolala juu ukishika paa. Bi Mwanaisha alizaliwa ndani yake, akazalia ndani yake. Sasa alikuwa amehamia kwa bintiye Likoni, akaitoa nyumba kwa sharti moja: ikisimama Utange, yeye ndiye aizindue, aisomee dua na kuifukiza ubani kabla mtu mwingine hajaitumia.

Siku ya kwanza Fundi aliizunguka nyumba nzima akigonga. Sita zikajibu vizuri. Ya saba, ya chumba cha nyuma, ikajibu ile sauti nzito. Akaniambia hii imeliwa, ikifika Utange isiingie nyumbani, tutie mpya. Kesho yake akashikwa na homa, hakuinuka. Alikuwa hajakata pengo hata moja.

Kazi ikaniangukia mimi. Na mimi, jamani, nilikuwa na kitu ambacho Fundi hakuwa nacho. Nilisoma misheni, najua kuandika. Bibi Majumba alinipa boksi la chaki, nikaandika kila mti namba yake, na daftarini nikachora nyumba na namba zilezile. Ile nguzo iliyoliwa nikaipiga msalaba. Bibi Majumba akanisifu sana. Wenzangu wakaniita Karani. Nilitembea kifua mbele, nikawa naona mapengo ya mzee ni mambo ya watu wasiosoma.

Tukapakia. Njiani kulikuwa na malori ya jeshi, sisi raia tukawekwa kando tusubiri. Tukasubiri. Mvua ya masika ikaja, ile isiyotanguliza hata tone la kuonya, ikatupiga saa mbili nzima juu ya lori lisilo turubai. Tulipofika Utange nikapanda juu kutazama. Miti ilikuwa imeoshwa safi. Daftari nililokuwa nimelitia kifuani lilikuwa zima, lina namba zote, na hakuna mti hata mmoja uliokuwa na namba.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema. Angekwenda Jomvu, akapiga magoti kando ya kitanda cha mzee, akamwambia nimeharibu. Mimi niliwaambia wenzangu naijua miti hii kwa sura. Na kweli mingi niliijua. Zilibaki nguzo mbili tu, zimelingana kimo, zimelingana panda, ile ya ukumbi wa kati inayobeba mwamba wote, na ile iliyoliwa. Nikazitazama. Moja ilikuwa na rangi ya kuchakaa, ina ufa mdogo shinani. Nikasema hii ndiyo mbovu, itupwe penye kuni.

Sikuigonga. Mwaniuliza kwa nini. Mvua ilikuwa yanyesha, watu walikuwa wananitazama, na mtu uliyekwisha kusema unaijua kwa sura, ukianza kugonga, umesema huijui. Basi.

Tukasimamisha, tukaezeka, wanawake wa Utange wakaja kukandika udongo. Siku ya kukandika, mama aliyekuwa akitupikia alisonga ugali wa watu thelathini kwa moto mmoja. Nilipokwenda kuchukua chakula alikuwa anafurahi. Akaniambia kuni za leo ni za ajabu, tangu asubuhi amezitia mara moja tu, makaa yake magumu, hayafi. Akauliza ni mti gani tuliompasulia.

Sahani ilinitoka mkononi. Mti ulioliwa na mchwa huwaka kama karatasi, haukai. Nikachukua panga nikaingia ukumbini, nikaigonga nguzo ya kati. Ikanijibu sauti nzito.

Nitawaambia woga ulivyo, kwa maana wengi huuzungumza hawajauona. Nikakaa chini palepale, nikanyanyua macho, nikaona paa lote la makuti mabichi, uzito wake wote umeshuka kwenye mwamba, na mwamba umeketi juu ya ganda. Nikatoka nje mbio, kisha nikaona haya, nikarudi nikijifanya nilisahau kitu.

Kuirekebisha kulikuwa hakuna siri. Ungepiga miti ya kuegemeza paa, ungeshusha uzito, ungetafuta mbambakofi mpya, na kila mtu angeuliza Karani amefanya nini. Niliogopa kufukuzwa. Niliogopa kuitwa mwongo. Zaidi ya yote nilimwogopa mzee na ule unyamavu wake. Nikajiambia nguzo imesimama siku tatu, itasimama. Na kwa kuwa juu yake kulikuwa na vitobo vidogo vya mchwa ambavyo sasa nilikuwa naviona kila mahali, nikachanganya udongo mwekundu na mafuta ya papa, nikaipaka nguzo nzima. Bibi Majumba akasema imependeza, nipake na nyingine. Nikapaka.

Wiki tatu sikulala usingizi wa kushiba. Nyumbani kwangu upepo ukivuma nilikuwa nakaa kitandani nikihesabu nguzo za Utange. Mchana nikiwa kiwanjani nilitafuta sababu za kuwatoa watu mle ndani. Nilisema udongo haujakauka. Nilisema nimemwona nyoka. Mke wangu akadhani nina mwanamke mwingine, akanuna, nikaona heri adhani hivyo.

Kisha ikaja habari kwamba Fundi amepona, na Bi Mwanaisha amechagua siku ya kuizindua nyumba yake.

Walikuja asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake kutwa, makuti yamekunywa maji, paa limekuwa zito maradufu. Wanaume walikaa nje barazani na wasomaji. Wanawake waliingia ndani, wengine na watoto mgongoni, wakatandika mikeka ukumbini. Bi Mwanaisha alikaa katikati, chini ya nguzo, na chetezo chake cha ubani mbele yake. Alikuwa anacheka peke yake. Alikuwa anawaonyesha wajukuu, hapa alikuwa akilala mama, pale palikuwa na mtungi. Mimi nilisimama mlangoni. Nilikuwa namsikia mtu anapumua kwa nguvu, kumbe ni mimi.

Nilifungua kinywa mara mbili. Haki ya Mungu nilikifungua. Hakikutoka kitu.

Fundi Mbwarali akafika na kanzu yake. Nikampa shikamoo, akaitikia, akapita. Yeye aliruhusika kuingia kwa wanawake, wengi ni jamaa zake na mwenye nyumba ni ndugu yake. Akaanza mzunguko wake kama kawaida, nguzo hii kiganja, ile kiganja, anazisalimia. Akafika ya kati. Akaipapasa ule udongo mwekundu. Akakunja kidole akagonga mara moja, polepole.

Hakugeuka. Alisogea akaweka mgongo wake kwenye nguzo, kwa kimo cha kiuno mpaka mabegani, akajikaza miguu. Kisha akanitazama, akaniita kwa kichwa. Nikaomba radhi nikaingia mpaka karibu.

"Yona, nguzo hii waijua?"

"Naijua, Fundi."

"Toka lini?"

"Wiki tatu."

Akatafuna tambuu yake. "Watoe," akasema. "Mmoja mmoja, na mtu asiegemee ukuta. Pasiwe na ukelele."

Kuna jambo hapa mlijue, litawafaa. Mtu mmoja hawezi kubeba paa. Lakini nguzo iliyoliwa haivunjiki ghafla, kwanza hutoa tumbo upande mmoja, ndipo ikakatika. Ukilizuia tumbo, umepata muda. Mzee aliupapasa upande ulioanza kuvimba, akauwekea mgongo wake. Naye ndiyo kwanza ametoka kwenye homa ya miezi miwili.

Nikawaambia kina mama kwamba masufuria yamefunuliwa uani na kila mmoja achukue sahani yake mapema. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, lakini habari ya pilau haihitaji sauti. Wakainuka wakitaniana, wakatoka. Kila aliyepita mlangoni nilimhesabu. Juu pale mwamba ulipoketi kwenye panda palikuwa panalia, kidogokidogo, na hakuna aliyesikia ila mimi na Fundi.

Akabaki Bi Mwanaisha. Nikamwambia na yeye atoke akale. Akanijibu kwa upole kwamba mwenye nyumba hatoki mpaka ubani wake umeisha, ndivyo alivyomwona mamake, na mimi kijana wa misheni nisingejua. Nikamtazama Fundi. Jasho lilikuwa linamtiririka kidevuni. Alikuwa anatazama ukuta wa mbele. Hakunisaidia.

Nikapiga magoti kwenye mkeka.

"Bi Mwanaisha, nguzo hii imeliwa ndani. Mie ndiye niliyeiweka, na nilijua, nikanyamaza. Tafadhali toka."

Akamtazama nduguye pale alipoegemea, akaelewa kwa nini hakukaa. Nikadhani atainuka. Aliuliza kwanza.

"Na ile nzima, aliyoikata babu, iko wapi?"

"Tuliipikia."

Alikichukua chetezo chake na ubani ukiwa bado watoa moshi, akainuka kwa shida, nami nikaogopa hata kumshika mkono. Akatoka nje.

Nikaita wenzangu, wakaja na miti, tukaegemeza mwamba pande zote mbili. Fundi hakuondoka mpaka mti wa kwanza ulipokazwa. Alipojinasua miguu ilimtetemeka, tukamkalisha. Tulipoitoa ile nguzo ilikatika mikononi mwetu, ikamwaga vumbi la mchwa miguuni pangu. Ganda lake halikuzidi unene wa kidole.

Na kwenye mgongo wa kanzu ya Fundi, toka kiuno mpaka mabegani, palikuwa na alama pana ya udongo mwekundu na mafuta. Udongo wangu, ule niliopaka ili vitobo visionekane.

Sikufukuzwa. Bibi Majumba alinisema sana, kisha akalia yeye, nikaona heri angenifukuza. Mbambakofi mpya ilipatikana, tukaisimamisha, na Fundi akaikata pengo lake chini. Bi Mwanaisha akakubali kurudi. Lakini safari hii alisema yeye hataingia kwanza. Alitaka niingie mimi, nikae peke yangu chini ya nguzo, na ubani, mpaka uishe. Nilikaa. Nilikuwa nimeigonga nguzo ile mara zisizo na idadi, najua ni nzima, na bado shingo ilinikauka kwa kutazama juu. Ubani ulipoisha akaingia, akanipita, akaigonga nguzo kwa pete yake, ndipo akatandika mkeka. Hakunitaja siku ile wala siku nyingine.

Fundi hakunisema hata neno moja. Ila ile kanzu akaifanya kuwa ndiyo ya kujia kazini. Kila asubuhi alikuja nayo, akaivua, akaitundika kwenye msumari mgongo ukiwa nje. Siku nzima nikienda kuchukua tezo, naiona. Nikirudisha msumeno, naiona. Wenzangu waliacha kuniita Karani. Baada ya wiki kadhaa sikuweza tena, nikamwomba anipe kanzu nikampelekee mke wangu aifue.

"Itafuliwa," akasema, "siku utakayoniambia jambo kabla sijaligonga."

Ilipita miezi. Sikukosea, kwa maana nilikuwa nagonga kila kitu, hata ndoo. Tukaja kuhamisha nyumba nyingine, ya kule Shika Adabu, ndogo, haina makuu. Nilikuwa nakata pau mpya za paa, nikapima vibaya, nikakata moja fupi kwa shubiri nzima. Hakuna aliyeniona. Ungeweza kuiunga, ukafunika na makuti, hata mchwa wasingejua. Niliishika pau ile mkononi nikasikia woga unaanza, vilevile kama siku ile ukumbini.

Nikaenda nayo mpaka alipokuwa Fundi, akichonga. Nikamwambia nimekata fupi, ni mimi, nilipima vibaya. Akaishika, akaipima kwa mkono wake, akairusha penye kuni. Akaniambia nikakate nyingine. Akaendelea kuchonga.

Kesho yake asubuhi nilifika kabla ya wenzangu, nikaingia bandani kuchukua tezo. Kanzu ilikuwa msumarini tayari, mgongo nje, nyeupe.